Majuto yenye anwani

Mwaka 1984, akiwa bado Rais na akiwa amebakiza takriban mwaka mmoja kabla ya kung'atuka, Mwalimu Julius Nyerere alihojiwa na jarida la Third World Quarterly lililokuwa likichapishwa London. Walizungumza mengi, lakini kuna kipande kifupi cha mahojiano yale ambacho ningependa kila kiongozi wetu akisome kabla ya kula kiapo. Mwalimu alisema yapo mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya, akayataja mawili: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Akataja na sababu. Walikuwa na haraka, na hawakujua. Serikali za mitaa zilikuwa na udhaifu wake kweli, zilikuwa zikiogopa kufanya maamuzi, lakini badala ya kuzisaidia, walizifuta.

Si jambo dogo mkuu wa nchi aliyeko madarakani kusema hivyo. Na ili kuuona uzito wake lazima tukumbuke ni kitu gani kilichovunjwa.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na kufikia 1933 kilikuwa kimezaa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Huko Usukuma, miaka ya hamsini, wakulima wa pamba waliochoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi waliungana chini ya vijana kama Paul Bomani, wakajenga shirikisho la Victoria Federation, wakamiliki vinu vyao wenyewe vya kuchambulia pamba. Watu hawa hawakuandikiwa waraka na mtu. Walijifunza kuendesha mikutano, kusoma hesabu, kumhoji katibu wao fedha zimekwenda wapi. Ilikuwa shule ya kujitawala kabla ya bendera kupandishwa, na kwa maoni yangu kuipoteza ndiyo hasara kubwa kuliko tani zozote za mazao zilizopotea baadaye.

Baada ya Uhuru serikali iliusambaza ushirika nchi nzima kwa kasi, hata mahali ambapo watu hawakuwa wameuomba wala hawakuwa na uzoefu nao. Wizi ukaingia, na watumishi wakajaa kuliko kazi. Mwaka 1966 iliundwa kamati maalumu ya kuchunguza hali hiyo, maana malalamiko yalikuwa ya kweli. Kisha ikaja miaka ya kuwakusanya watu vijijini. Sheria ya 1975 ikakipa kijiji chenyewe kazi za chama cha ushirika, na Mei 1976 vyama vikuu vikavunjwa, mazao yakakabidhiwa mamlaka za mazao zilizokuwa chini ya serikali. Mkulima aliyezoea kumbana katibu wa chama chake akajikuta anadai fedha kwa ofisa asiyemjua, ambaye hakuchaguliwa naye wala hawezi kumwondoa. Malipo yakachelewa na mamlaka zikazama kwenye madeni.

Serikali za mitaa zilikwishatangulia. Mwaka 1972, kwa jina la Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa, na za miji zikafuata. Nia ilikuwa kupeleka maamuzi karibu na wananchi. Kilichopelekwa ni watumishi kutoka Dar es Salaam. Miji ilidhoofika upesi kiasi kwamba mwaka 1978 ikabidi itungwe sheria ya kurudisha mabaraza ya miji, na mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria za kurudisha serikali za mitaa kwa ujumla pamoja na sheria mpya ya ushirika. Halmashauri zilianza tena kazi mwaka 1984, mwaka uleule wa mahojiano.

Tazama mpangilio huo. Sheria zilitangulia, maneno yakafuata. Mwalimu alipokiri hadharani, kazi ya kurekebisha ilikuwa imekwisha kuanza. Ndiyo maana nayaita majuto yenye anwani: yanataja uamuzi, yanataja mwenye uamuzi, yanataja njia nyingine iliyokuwepo siku ile na ikaachwa, na yanataja kilichomfanya mtu asiione. Kusema "tulikosea, sisi ni binadamu" hakumfundishi mtu kitu. Lakini mtu akisema "tulikuwa na haraka, tukavunja chombo ambacho tungeweza kukitengeneza", amemwachia anayekuja nyuma swali la kujiuliza kila atakapotaka kufuta jambo: je, hiki hakitengenezeki?

Nitakuwa sikutenda haki nikiishia kwenye sifa. Vyama vilivyorudi havikuwa vile vilivyoondoka. Vilirudishwa kwa amri kama vilivyovunjwa kwa amri, vikiwa chini ya kivuli cha chama tawala, na muongo uliofuata wanunuzi binafsi waliingia vijijini na fedha taslimu mkononi, wakavikuta vimechoka. Majuto hayakurudisha miaka. Pia orodha ya Mwalimu ilikuwa na mambo mawili tu. Wapo wazee waliohamishwa kwa nguvu wakati wa operesheni ya vijiji, wengine nyumba zao zikachomwa moto ili wasirudi. Wao wangeongeza la tatu. Mwenye madaraka huchagua la kujutia, na huchagua lile ambalo moyo wake unaweza kulibeba. Kwa hiyo haitoshi kusubiri wakubwa wajute wenyewe. Walioumizwa nao wapewe nafasi ya kuongeza kwenye orodha.

Hata hivyo nasimama na hoja yangu: uwezo wa kujutia jambo mahususi ni kipaji cha akili, na jamii inayouzima hujinyima mwalimu.

Wanasaikolojia wameichunguza hisia hii kwa miaka mingi. Mwaka 2004 watafiti wa Ufaransa walichapisha katika jarida la Science matokeo ya mchezo wa bahati nasibu waliowachezesha watu wenye afya pamoja na wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo juu ya macho. Kila baada ya kuchagua, mchezaji alionyeshwa angepata nini kama angechagua upande mwingine. Watu wenye afya waliumia wakiona walichokikosa, na baada ya raundi kadhaa wakaanza kuchagua kwa hadhari. Wale wagonjwa walifurahi wakishinda na walikasirika wakishindwa, lakini kile kilichokuwa upande wa pili hakikuwagusa. Hawakujuta. Na hawakujifunza, waliendelea kuchagua vibaya. Huwa nakumbuka utafiti huu kila ninapomsikia mtu akijigamba kwamba maishani mwake hajawahi kujutia chochote.

Watafiti wa Belfast nao, mwaka 2014, waliwapa watoto masanduku mawili wachague moja. Mtoto akishapata zawadi yake ndogo, alifunguliwa na lile jingine aone kwamba lilikuwa na zawadi nono. Wengine walinyong'onyea, wengine hawakujali. Kesho yake wakaletewa masanduku yaleyale. Waliojuta ndio waliokuwa wepesi zaidi kubadili chaguo. Hakuna aliyewagombeza wala kuwahutubia. Walioumia walikumbuka, na waliokumbuka wakachagua vizuri.

Sasa tujitazame sisi tunavyomtendea mtu anayejuta. Mtu akianza tu kusema "ningejua", tunamkatisha. Tunamwambia ndiyo Mungu alivyopanga. Tunamwambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, kana kwamba yajayo yanaweza kugangwa na mtu asiyejua aliumwa nini. Tunafanya hivyo kwa huruma, hilo silipingi. Kumwona mwenzako akijilaumu ni kuzito, na neno la faraja huja haraka mdomoni. Lakini mara nyingi tunakuwa tumemfunga mdomo mtu aliyekuwa karibu kabisa kuelewa jambo.

Jirani yangu mmoja ni fundi cherehani. Miaka michache iliyopita, mwezi Januari, ada na sare za watoto zikamkuta mfukoni hamna kitu. Akachukua mkopo wa ile aina inayoitwa kausha damu. Rejesho lilikuwa kila wiki. Wiki ya nne alichukua mkopo wa pili kulipia wa kwanza, na kabla ya Pasaka vijana walikuja na pikipiki ya magurudumu matatu wakachukua cherehani aliyokuwa ameiweka dhamana. Majirani tulifika kumpa pole. Tukasema yote yanayosemwa siku kama ile: ndiyo maisha, kitu hutafutwa, Mungu atakupa kingine. Alituitikia, akatushukuru, tukaondoka.

Baada ya muda mrefu, akiwa amepata cherehani nyingine kwa kukodi, nilimpelekea kitambaa. Alipofungua daftari lake la vipimo ili aandike bega na mkono, likafunguka kurasa za nyuma, nikaona mwandiko mwingine. Nilimuuliza. Akacheka kidogo, akanigeuzia daftari nisome. Alikuwa ameandika mistari michache: Nilisaini siku ileile. Sikusoma karatasi ya pili. Sikumwambia dada kwa kuona aibu, na dada alikuwa na hela ya ada.

"Mwanzoni nilijiambia sikopi tena," alisema. "Lakini fundi asiyekopa ataununuaje mzigo wa vitenge? Nikakaa nikaona mkopo wenyewe haukuwa kosa langu kubwa. Kosa langu ni ile siku yenyewe, nilivyokwenda peke yangu na nilivyokuwa na haraka."

Mama huyu, bila kusoma jarida lolote, alikuwa amefanya kile ninachojaribu kukieleza hapa. Alilichambua kosa lake mpaka akafika kwenye kiini chake, na kiini hakikuwa pale ambapo sisi wote tulidhani. Kama angeishia kwenye "sikopi tena", angejinyima mtaji maisha yake yote kwa sababu ya jeraha alilolisoma vibaya. Kama angetusikiliza sisi wafariji, asingebadilisha chochote. Leo yumo kwenye kikoba cha wanawake wa mtaa, anakopa na anarejesha, na ana masharti yake mawili: hasaini siku anayoletewa karatasi, na dada yake lazima ajue. Ofisa mikopo mmoja alimwambia ofa inaisha saa kumi jioni. Akamjibu, "Basi iishe, baba, mimi nitakuja Alhamisi."

Dini zetu zimelijua hili siku nyingi. Masheikh wanapofundisha masharti ya toba hutaja kuacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na kama kuna haki ya mtu, kuirudisha. Majuto yamewekwa katikati, kati ya kuacha na kuazimia. Hayakuwekwa mwisho. Na kwa Wakristo, usiku uleule wanafunzi wawili walimkosea Bwana wao: Petro alimkana, Yuda alimsaliti. Wote wawili walijuta, na Yuda alifika hadi kurudisha vipande thelathini vya fedha. Mmoja akarudi kazini, mwingine akajinyonga. Mwenye kusoma habari hiyo kwa makini ataona hatari ambayo mtu anayeandika kutetea majuto hana haki ya kuificha.

Majuto yanaua. Mtu anaweza kulala na kuamka na jambo moja kwa miaka, akalizungusha kichwani mpaka likamla, bila kufikia uamuzi wowote mpya. Mzazi aliyefiwa na mtoto kwa homa ya siku mbili hujiuliza maisha yake yote kwa nini hakumwahisha hospitali, ingawa siku ile homa ile ilifanana na homa nyingine zote ambazo mtoto alipona kwa panado. Huyo simwambii achambue. Hakukuwa na chaguo pale la kulaumiwa. Alilonalo ni msiba uliovaa nguo za kosa, na anayempenda amsaidie kuuvua. Kipimo ninachokitumia ni kuuliza: siku ile, kwa ulichokuwa unakijua siku ile, kulikuwa na njia nyingine uliyoiona ukaiacha? Kama ilikuwepo, tuongee. Kama haikuwepo, tulie pamoja.

Kuna utafiti mwingine ulionifanya nifikirie upya ninachokiona hapa kwetu. Thomas Gilovich na Victoria Medvec wa Marekani walionyesha, miaka ya tisini, kwamba kwa muda mfupi watu huumizwa zaidi na walichokifanya, lakini wakiangalia nyuma kwa miaka mingi huumizwa zaidi na ambacho hawakukifanya. Mwaka 2005 Neal Roese na Amy Summerville walipitia tafiti zilizofanyika Marekani, wakakuta jambo linaloongoza kujutiwa ni elimu. Maelezo yao yalikuwa tofauti na nilivyotarajia. Walisema majuto huuma zaidi pale ambapo mlango bado uko wazi. Kwa kuwa mtu mzima kule anaweza kurudi darasani wakati wowote, elimu aliyoiacha inaendelea kumsumbua.

Hapa Tanzania nimewaona wanawake wengi ambao elimu yao ilikatika wakiwa kidato cha pili au cha tatu, na kwa miaka mingi wengi wao hawakuwa wakizungumza habari za shule kabisa. Msimamo wa serikali, uliosisitizwa kwa ukali mwaka 2017, ulikuwa kwamba msichana akipata ujauzito harudi tena kwenye shule ya serikali. Mlango ulikuwa umefungwa, na mtu hujilinda kwa kutotazama mlango uliofungwa. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitoa waraka, Na. 2 wa mwaka huo, unaowaruhusu kurudi wanafunzi waliokatishwa masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo. Tangu hapo nimeanza kusikia sentensi ambazo zamani sikuzisikia. Mwanamke anauza genge, ana watoto wawili, anasema: "Kemia nilikuwa naiweza." Miaka yake ya kukaa na sare imepita, waraka ule haukumwahi. Lakini Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo, na mtihani wa maarifa upo, ule ambao watu wanauita QT, unaomfungulia aliyekatisha masomo njia ya kwenda kufanya mtihani wa kidato cha nne. Akisema kemia alikuwa anaiweza, asiambiwe hayo yamepita. Aulizwe fomu za QT zinatoka lini.

Kwa hiyo mtu akijutia jambo kwa uchungu usioisha, inafaa tujiulize kwanza kama uchungu ule haumwambii kuwa nafasi bado ipo.

Nafasi ina muda wake. Rais Benjamin Mkapa alichapisha kumbukumbu za maisha yake Novemba 2019, miezi michache kabla ya kufariki. Humo aliandika kuhusu mauaji ya Januari 2001 Zanzibar, ambapo vyombo vya dola viliwapiga risasi waandamanaji wa upinzani Pemba, akasema ni doa litakalobaki kwenye urais wake. Naheshimu kwamba aliandika. Viongozi wengi wa bara hili huondoka na vitabu vya picha za kukata utepe. Lakini alikuwa amestaafu tangu 2005, na yaliyotokea 2001 yaliacha yatima na wajane waliokaa miaka wakiyasubiri maneno hayo. Majuto yanayokuja baada ya madaraka kwisha hayawezi tena kubadilisha maamuzi ya yule anayejuta. Yatawafaa waliofuata, na hao nao ikiwa tu watasoma.

Ndiyo maana nina pendekezo moja kwa ofisi za umma, na halihitaji bajeti. Mtumishi anapohama kituo huandika taarifa ya makabidhiano. Nimezisoma kadhaa. Zina idadi ya magari, mazima na yaliyo juu ya mawe, zina orodha ya mafaili, funguo, viti, miradi na asilimia iliyofikiwa. Naomba uongezwe ukurasa mmoja, na anayeuandika alindwe asiadhibiwe kwa aliyoyaandika, isipokuwa penye jinai. Ukurasa huo ujibu maswali matatu: ni uamuzi gani ulioufanya hapa ambao usingeufanya leo, ni njia gani nyingine iliyokuwepo siku ile, na ni nani alikwambia nawe hukumsikiliza, au alikuonya nawe hukumsikia.

Fikiria mji wowote wenye soko jipya lililojengwa kwa mabilioni, mbali na kituo cha daladala, ambalo wafanyabiashara wamekataa kuhamia. Mkurugenzi aliyelijenga amehamishwa. Anayekuja anakuta kwenye faili kwamba mradi umekamilika kwa asilimia mia moja, na mwaka wa pili anaanza kuandaa mradi mwingine wa aina ileile kata ya jirani. Kama angekuta ukurasa ule, umeandikwa kwa mkono wa mtangulizi wake, kwamba kina mama wa mboga walifika ofisini mara mbili kueleza kuwa wateja wao hushuka kwenye daladala na hawatatembea robo saa kufuata mchicha, na kwamba aliwapa chai akawaaga, basi kabla ya kutangaza zabuni angejua ni nani wa kwenda kukaa nao kwanza, pale pale kwenye vibaraza vyao, saa kumi na mbili asubuhi wakati mboga zinashushwa.